Mvinyo Mtamu Si Ushamba

Hapa chuoni ukiagiza mvinyo mweupe mtamu, utasikia tu: "Hiyo juisi bana, ya wanaoanza." Eti mtu mzima anakunywa mwekundu mkali, hata kama anakunja uso kila funda. Mimi sikubaliani na hilo.

Chukua Sauternes ya Ufaransa. Zabibu huachwa shambani hadi zishikwe na kuvu, maji yapungue, sukari izidi. Wachumaji hurudi shambani mara kadhaa, wakichagua zilizo tayari tu. Mwaka 1855, mvinyo wa Bordeaux ulipopangwa kwa madaraja, Château d'Yquem ya huko Sauternes iliwekwa daraja la juu kabisa, peke yake. Juisi gani hiyo?

Utamu mtupu hukinaisha. Lazima uchachu uusindikize. Zabibu ya Chenin Blanc inasifika kwa hilo, na Dodoma inalimwa. Ukipata mvinyo mtamu, unywe ukiwa wa baridi, glasi ndogo, taratibu, maana utamu huficha kilevi: Sauternes hufika asilimia 13 au 14.

Kama hunywi, usinywe; heshima yako haimo kwenye glasi. Ila anayependa kitamu aachwe afurahie, bila kuomba radhi kwa mtu.