Dawa ya Deni si Kulipa Peke Yake

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nawaheshimu, lakini nasema hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kwenda kuona kwa macho yako kwamba deni limefutwa katika daftari la aliyekukopesha.

Hayo nimejifunza nyumbani kwetu, Makebuko. Baba alikopa katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo ili anunue mbolea ya kahawa, na baada ya mavuno akalipa yote. Miaka miwili baadaye, mwezi wa nane, akarudi kuomba mkopo wa mabati. Karani akamwambia: "Mzee, wewe bado una deni." Malipo yake ya mwisho yalikuwa yameandikwa kwa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Stakabadhi tuliikuta ndani ya Biblia ya mama. Kosa lilirekebishwa, lakini mvua zilikuwa zimeshaanza, na msimu ule tuliupitisha chini ya paa linalovuja.

Baadhi ya wenzangu chuoni husema kwamba kufuatilia taarifa za mikopo ni mambo ya matajiri wa Bujumbura. Napinga. Tajiri akikataliwa na benki moja, ana rafiki katika nyingine. Maskini ndiye anayehukumiwa kwa mstari mmoja wa daftari.

Wengine husema: "Mimi sijakopa kitu." Je, hujawahi kumdhamini mtu? Mkopaji akishindwa, mdhamini ndiye anayedaiwa. Na sisi wanafunzi tusijidanganye. Mwaka 2017 serikali iligeuza buruse kuwa mkopo wa kulipwa baada ya masomo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi waligoma kuupinga mpango huo. Kupiga kelele tuliweza. Lakini ni wangapi wetu waliowahi kuuliza ni kiasi gani hasa kimeandikwa juu ya majina yao?

Benki Kuu yetu, BRB, ina idara iitwayo kwa Kifaransa Centrale des risques, ambako mabenki hupeleka habari za mikopo ya wateja wao. Kwa hiyo kosa la karani mmoja linaweza kukufuata hadi dirisha lingine. Wakenya wameliona jambo hili: kanuni zao zinampa kila mkopaji haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka, na ya kudai kosa lisahihishwe. Haki ya namna hiyo inafaa ihubiriwe hadi vilimani kwetu, kwa Kirundi na Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisini tu.

Nitaambiwa kwamba kuandika sawasawa ni kazi ya ofisi, si ya mteja. Nakubali, lawama ni yao. Lakini paa lililovuja lilikuwa letu.

Basi wenzangu, kila mwaka, hata kama huna haja ya mkopo, nenda uombe hali ya deni lako kwa maandishi. Linganisha na stakabadhi zako. Hakikisha jina, nambari ya kitambulisho na tarehe. Ukimaliza kulipa, usiondoke bila karatasi inayosema umemaliza. Wahenga haohao walisema pia: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata jina jema hupotea vivyo hivyo.