Tugawane Viwanja Kabla Hatujamaliza Mashamba

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, ninyi ni watu wa jembe. Mahindi yenu, viazi vyenu na mchele wa Usangu vinalisha taifa, na sifa hiyo hakuna wa kuwapokonya. Lakini lipo moja linalonikera, na tukizidi kulinyamazia litatuponza.

Kila anapotokea mtu wa kugawa kiwanja chake kipana cha ujazo mdogo, au kupandisha ghorofa la wapangaji huko Uzunguni, Forest, Gangilonga au Wilolesi, majirani huja juu. Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi halijakauka gundi, pingamizi zimeshafika halmashauri. "Mtaa utaharibika! Watajaa watu!" Watu gani hao? Si mwalimu wa mwanao, si nesi aliyemzalisha mkeo, si kijana wa bodaboda anayekufikisha nyumbani usiku? Akufukuzaye hakwambii toka.

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya 2022 ikawakuta 541,603. Manispaa ya Iringa ilitoka 151,345 ikafika 202,490. Hawa watalala wapi? Mkiwafungia mlango mjini watakwenda kumega mashamba ya Uyole, au watapanda milimani. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba pale Itezi. Mlima haumwulizi mtu hati.

Ardhi ya nchi hii ni ya umma. Sheria ya 1999 imemfanya Rais mdhamini tu, na juu ya Rais yuko Mungu. Sisi tunapita. Iweje mmoja azungushie ukuta nyasi za kutazama, na mwenzake abanane na wanawe katika chumba kimoja? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mtasema maji hayatoshi na mashimo ya vyoo yatafurika. Ni kweli, na halmashauri isikwepe: bomba la majitaka litangulie ghorofa. Lakini mwenye shida ya maji hudai maji, hamfukuzi jirani. Tena bomba la mtaa wenye nyumba nyingi ni nafuu kuliko la kukimbizana na nyumba zilizotapakaa maporini. Na anayehofia umiliki wa ghorofa ajue: tangu 2008 sheria inaruhusu kila mwenye sehemu ya jengo apate hati yake.

Na haya mapagale, jamani! Mtu kanunua kiwanja, kasimamisha kuta, miaka inapita, popo ndio wapangaji. Kama uwezo unao, paua. Kama huna, uza. Mali isiyomfaa mwenyewe wala jirani ni ya nini?

Waheshimiwa madiwani, mkiketi kuamua pingamizi, mkumbukeni mpangaji asiyealikwa kikaoni. Nanyi wenye viwanja vipana, watu wa ibada na ukarimu, futeni pingamizi zenu, mkadai mabomba na barabara pamoja na hao mnaowakataa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.