Sanduku la Pamba na Piriton

Mzio mkali, ambao madaktari huuita anafilaksia, haungoji gari. Sumu ya nyuki ikiingia kwa mtu ambaye mwili wake umeshajenga uhasama nayo, mishipa ya damu hulegea, presha hushuka, koo huvimba, pumzi hubana. Katika vifo vya namna hiyo vilivyochunguzwa Uingereza, moyo au pumzi vilisimama baada ya robo saa hivi tangu mtu aumwe. Kutoka mizinga ya misitu ya Tabora, robo saa haimfikishi mtu hata barabarani.

Lakini sanduku la huduma ya kwanza lililofunguliwa wiki hii kwenye kambi moja ya warina asali, mrina mmoja alipovimba midomo na kuanza kukoroma, lilitoa pamba, spiriti, bandeji, Panadol na Piriton. Mwenye ufunguo alilifungua kwa fahari ya mjumbe wa kamati. Yakaja maziwa. Ukaja ushauri, kila mdomo na wake. Kisha mgonjwa akainuliwa na kupakiwa bodaboda, mshikaki, wima katikati ya watu wawili. Alipona, na sifa zote zikaenda kwa maziwa.

Piriton hutuliza muwasho na mabaka. Haizibui koo wala haipandishi presha. Dawa ni adrenalini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ampuli yake haifikii bei ya kreti ya soda za kikao cha kamati. Kalamu maalumu za kujichoma wanazotembea nazo Wazungu ni ghali na huku hazionekani. Ampuli na bomba la sindano vinatosha, mradi mganga wa zahanati ameidhinisha dawa na muuguzi amemfundisha mtu wa kambini kuitumia. Mtu mzima huchomwa nusu mililita ya adrenalini yenye miligramu 1 kwa kila mililita, kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 0.01 kwa kilo. Nafuu isipoonekana, sindano hurudiwa baada ya dakika 5. Ampuli hukaa ndani ya kasha lake, mbali na mwanga na joto, si chini ya bati la kibanda.

Mgonjwa hulazwa chali, miguu juu. Anayehangaikia pumzi huketishwa, miguu imenyooshwa. Mjamzito hulalia ubavu wa kushoto. Kumwinua mgonjwa ghafla presha ikiwa imeanguka kunaweza kuuzima moyo, kwa hiyo mshikaki huweza kuwa hukumu ya kifo inayotolewa kwa huruma. Machela, kitanda cha kamba, tela la trekta, chochote cha kumlaza kinafaa, na hutafutwa kabla ya msimu wa kurina.

Hata akipata nafuu hupelekwa hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi bila nyuki mwingine kumuuma. Ndiyo maana ampuli zinazobaki husafiri naye, haziachwi kambini pamoja na pamba.