"Hakuna Netiweki" Si Starehe

Waandaaji wa tripu hapa Nairobi wamegundua bidhaa mpya: kukosa netiweki. Bango linakuambia twende jangwa la Chalbi siku nne, zima simu, pumzisha akili, mbuzi choma na tenti ni juu yetu. Tunalipa. Tukishaipita Marsabit na lami ikabaki nyuma, vijiti vya netiweki vinapungua kimoja kimoja, na ndani ya gari watu wanashangilia.

Hebu muulize mtu wa North Horr kama hiyo ni starehe. Muulize mama aliyeshikwa na uchungu usiku, zahanati iko mbali na simu haishiki. Kile sisi tunakilipia wikendi moja, yeye anakilipia maisha yake yote.

Msimamo wangu ni huu: yeyote anayechukua pesa za watu ili awapeleke mahali simu haishiki, lazima abebe simu ya setilaiti. Asipobeba anacheza kamari, na dau ni miili yetu.

Mwaka jana nilikuwa kwenye tripu ya aina hiyo. Gari lilizama mchangani baada ya Kalacha, jua la saa nane, na dada mmoja wa mbogi yetu akaanza kubanwa na pumu. Pampu yake ilikuwa karibu kuisha. Kiongozi akapanda juu ya gari na simu ya kawaida, akaiinua angani kama mtu anayechuma embe. Tulikaa saa tano, hadi lori la mifugo likapita. Dada alipona. Jioni kiongozi akatuambia, "Si mmeona, huo ndio utamu wa safari." Zi. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati si mpango.

Nikilalamika naambiwa kifaa ni ghali. Kweli, si bei ya kabambe. Lakini kifaa kimoja kinatumika tripu baada ya tripu, na kila mara gharama inagawanywa kwa watu 25. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kugawanya bado najua.

Mwingine anasema iPhone yake ina SOS ya setilaiti. Huduma hiyo ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, ikaongezwa nchi zingine, lakini hadi naandika hii Kenya haimo. Ukifika Chalbi umebeba kamera tu.

Sasa, kifaa gani? Iridium ina setilaiti 66 zinazoizunguka dunia nzima kwa urefu wa kilomita 780 hivi. Kila moja inapita juu yako dakika chache, kisha inaikabidhi simu yako kwa inayofuata. Uwandani ni poa. Ndani ya bonde lenye kuta ndefu laini inaweza kukatika, ungoje nyingine ipite. Thuraya, kampuni ya Falme za Kiarabu, inatumia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambazo ukizitazama kutoka chini ni kama hazisogei. Kenya inafika, bara la Amerika haifiki. Zote zinataka anga wazi. Chini ya bati umeshika tofali. Na ukivuka Moyale kuingia Ethiopia, pata kibali kwanza, la sivyo unaweza kunyang'anywa.

Kama huna haja ya kuongea, kuna vifaa vidogo kama Garmin inReach, vinavyotuma ujumbe mfupi kupitia Iridium na vina kitufe cha SOS. Ukikibonyeza, ujumbe unafika kituo kilichoko Texas. Mtu wa Texas ndiye sasa aanze kutafuta nani wa kumpigia huku kwetu.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yote kuhusu vifaa yanapokosea. Simu haikuokoi, inaita tu. Flying Doctors walianza 1957, na miaka mingi kabla ya simu za mkononi zahanati za mbali ziliwaita kwa redio. Redio ile ilikuwa na maana kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu anayesikiliza na ndege inayoweza kuruka. Leo AMREF Flying Doctors wako pale Wilson, wanapokea simu saa 24. Lakini ukipiga watataka kujua mko wapi hasa, mgonjwa ana nini, ndege itatua wapi, nani analipa. Kiongozi anayetafuta majibu hayo wakati mtu hapumui amechelewa. Na nambari fupi kama 999 asizitegemee kwenye setilaiti. Aandike nambari kamili, kuanzia +254.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, muulize mwandaaji maswali matatu. Unabeba kifaa gani, na mara ya mwisho ulikijaribu lini? Utampigia nani? Bima ya kutubeba kwa ndege imelipwa? Na ukiona mwenyeji anaihitaji simu hiyo kuliko nyinyi, mtampa?

Akikujibu "usijali", weka doo yako mfukoni.