Samaki wa Jioni, Bagamoyo

Baadhi yetu, waamini wa Morogoro, tumekwisha kushuka Bagamoyo kwa hija, kuiona Misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Misa ikiisha, na makumbusho yakiisha kutazamwa, watu huelekea ufukweni kwenye soko la samaki. Hapo hujaji hugeuka mtalii.

Kwenda si kosa. Mtu aliyekulia milimani ana haki ya kustaajabia mashua zikifika, dalali akinadi mafungu, na akina mama wakikaanga samaki katika makarai. Tena maji ya Mto Ruvu, yanayotoka kwetu Uluguru, huingia baharini si mbali na hapo. Hatuko ugenini kabisa. Linalotusumbua ni mwenendo wetu saa ya jioni.

Katika safari moja tuliyoiongoza, dereva alikwisha kupiga honi tulipomkuta mama mmoja, beseni lake limebaki nusu. Hakuwa na barafu. Tulilijua hilo, naye alijua kwamba tunalijua. Mwenzetu alitaja nusu ya bei, akajifanya anaondoka, mama akamwita. Garini alisifiwa kwa ujanja wake, na sisi, tuseme kweli, tulicheka pamoja nao. Mwingine alikuwa amempiga picha mzee aliyekuwa akitengeneza wavu, bila hata kumwamkia. Shikamoo ingemgharimu nini?

Sasa tutazame kwetu. Akina mama wa Mbete na Luhungo hushuka mjini na matenga ya mboga kichwani, na ni lazima wapande tena mlima kabla ya giza. Mchicha hauna kesho. Mnunuzi wa mjini analifahamu hilo, basi husubiri jua lizame ndipo ataje bei yake. Katika jumuiya zetu tumelalamika mara nyingi juu ya jambo hili. Tumelalamika pia juu ya wageni wanaopanda kuelekea Lupanga, ambao huwapiga picha mama zetu wakiwa chini ya mizigo, kana kwamba nao ni sehemu ya mandhari.

Watu watatujibu kwamba bei ni mapatano. Lakini mwaka 1967, katika waraka wake Populorum Progressio, Papa Paulo wa VI alifundisha kwamba ridhaa ya pande mbili haitoshi kuufanya mkataba uwe wa haki, ikiwa hali zao zinatofautiana mno. Alikuwa akisema juu ya biashara ya mataifa. Beseni la yule mama linaingia humo bila shida. Hata hivyo hatuombi watu walipe kama wanaotoa sadaka. Muuzaji si ombaomba, na kuvutana bei kidogo ni sehemu ya maongezi ya soko.

Kwa safari ijayo tumewaomba viongozi wa walei waweke soko kabla ya chakula cha mchana, waulize kwanza bei ya mnada wa siku hiyo, na wapakie kasha la barafu garini. Yule mama, tukimkuta, tuna deni lake.