Barua ya wazi: Tuulizane milimita za mshono Marikiti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Ardhi na Mipango ya Miji,
Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Mheshimiwa,



Siku ukipita soko la Marikiti kununua bizari, nakuomba uinue uso. Mji wa Kale hauna pa kupanukia. Mwenye duka Langoni au Biashara Street akitaka stoo, njia ni moja tu, kwenda juu. Anaitwa fundi wa kuchomelea, zinasimamishwa nguzo za tyubu, inachomelewa mikono ya engo, zinalazwa mbao, na kufikia jioni mahamali wanapandisha magunia ya mchele. Chini yake wateja wanavutana bei ya hiliki.

Simlaumu mwenye duka wala fundi. Ninachotaka kusema ni kwamba nguvu ya mshono wa chuma huhesabiwa, kwa hesabu inayoenea kwenye karatasi moja, na ofisi yako ndiyo yenye haki ya kuidai karatasi hiyo.

Tumezoea kuupima mshono kwa macho: umelala vizuri, hauna matundu, fundi ana jina. Hayo yana maana yake, lakini hayakwambii unabeba kilo ngapi. Mshono wa kona, ule unaojaza pembe kati ya vipande viwili, una mguu na una koo. Mguu ni upana wake juu ya kila kipande. Koo ni unene wake pale palipo pembamba kuliko pote, nalo huwa kama asilimia 70 ya mguu. Kwa hiyo mguu wa milimita 6 una koo la milimita 4.2. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi na rodi inayolingana nacho, wahandisi huhesabu takriban nyutoni 220 kwa kila milimita ya mraba ya koo. Zidisha, upate nyutoni 924 kwa kila milimita ya urefu. Sentimita 10 za mshono huo, hata ukizitoa zile ncha mbili ambazo aghalabu hazijai, zinabeba zaidi ya tani 8.

Ndiyo maana fundi akiugonga kwa nyundo na kusema "hii haitoki", hadanganyi. Lakini anazungumzia chuma kinachovutwa sawasawa, na stoo ya dukani haivuti hivyo. Mkono wa engo umeshikwa kwenye nguzo na mzigo umekaa mbele yake. Kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa anajua tofauti yake na kuikumbatia kifuani.

Chukua mkono ulioshikwa kwa mistari miwili ya wima, kila mmoja milimita 150. Uwekee magunia 20 ya kilo 50, yaani tani moja, katikati ya mzigo ikiwa milimita 300 kutoka kwenye nguzo. Uzito wenyewe, ukigawanywa kwenye urefu wote wa mshono, ni nyutoni 33 kwa milimita. Huo si kitu. Kinachotisha ni ile nguvu ya kupinda, ambayo kwenye ncha za juu na chini za mshono inafika nyutoni 400 kwa milimita. Mguu wa 6, wenye uwezo wa 924, umestahimili. Mguu wa 3 una uwezo wa 462, umepona chupuchupu. Na ukiongeza mzigo mara moja na nusu kwa ajili ya usalama, kama ilivyo desturi ya uhandisi, umeshafeli.

Sasa tuseme fundi amepewa kipande kifupi, mistari ikawa ya milimita 75 badala ya 150. Mtu atadhani nguvu imepungua nusu. Sivyo. Msukumo wa kupinda unapanda mara nne, hadi nyutoni 1,600, na hata ule mguu wa 6 hautoshi tena. Magunia ni yale yale, rodi ni ile ile, na mshono unang'aa vile vile. Hili jicho haliwezi kuliona, hata la fundi wa miaka 30.

Na mguu mnene peke yake si dawa. Ukichomelea mguu wa 6 juu ya tyubu yenye ukuta wa milimita 1.5, umefanya urembo: ukuta utachanika kwanza, kama haukutobolewa na moto wakati wa kuchomelea. Kisha kuna chumvi yetu. Vipimo vya kimataifa vinasema kwamba kwenye hewa kali ya bahari chuma kisicho na rangi huweza kupoteza kati ya mikroni 80 na 200 katika mwaka wa kwanza tu. Koo la mguu wa 3 ni milimita 2.1. Nasi tuna tabia ya kupaka rangi upande anaouona mteja.

Anayedhani mishono midogo ni jambo dogo alikumbuke Alexander L. Kielland, jukwaa la Norway katika Bahari ya Kaskazini lililopinduka tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123 kati ya 212 waliokuwamo. Ufa ulianzia kwenye mshono wa kona wa milimita 6, uliokuwa umeshikilia kifaa tu, wala haukukusudiwa kubeba jukwaa.

Hatuhitaji kwenda Norway kutafuta nidhamu. Mashirika yanayokagua meli duniani hayaukubali mshono wa bamba la meli kutoka kwa mtu ambaye hakupita mtihani, na kazi za meli zinafanywa papa hapa kisiwani. Sioni kwa nini mshono ulio juu ya kichwa cha mama anayenunua ukwaju udaiwe kidogo kuliko huo. Mji wa Kale tunajadili sana milango ya nakshi na roshani, na ni haki. Lakini roshani ya chuma iliyo ndani ya duka nayo ni jengo.

Kanuni za Taifa za Majengo za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo sikuombi utunge sheria. Naomba ofisi yako isipokee mchoro wa stoo, kipaa au jukwaa la tangi la maji usioonyesha mguu wa mshono, urefu wake na hesabu yake. Kwa maduka madogo, ambayo hayatamudu mhandisi kila mara, wahandisi wa kaunti watoe jedwali moja kwa Kiswahili: kina cha mkono, mguu, unene wa tyubu, na kilo zinazoruhusiwa. Kilo hizo ziandikwe kwa rangi kwenye stoo yenyewe, hamali azione kabla ya kupandisha gunia. Mkaguzi naye apewe kipimo cha mshono, kibati kinachoingia mfukoni.

Kuhusu mafundi wetu wa jua kali, tafadhali msianze na askari wa kaunti. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Fundi aitwe pale achomelee vipande viwili upande mmoja tu, vibanwe kwenye jiliwa, vipigwe nyundo mpaka vivunjike, aone mwenyewe ndani: wapi chuma kimeshikana, wapi uchafu wa rodi umebaki, wapi mshono ulilala juu bila kuingia. Fundi akishaona hivyo mara moja hahitaji hotuba.

Stoo hizi hujazwa zaidi kuelekea Ramadhani. Ukaguzi ukianza miezi miwili kabla, kwa zile zilizo juu ya njia za wateja, mishono bado itakuwa wazi na mwenye duka atakuwa na nafasi ya kuongeza mkono au kupunguza magunia bila kufunga biashara. Nitashukuru kupata jibu kwa njia hii hii ya wazi, ili wenye maduka nao walisome.

Wako,
Mchoraji wa ramani za chuma, mkazi wa Mji wa Kale