Tupange Upya Madaraja ya Soka, Tuanzie Mikoani



Nawasalimu kutoka Guangzhou, mji ambao wengi wenu mnaujua kwa makontena na bidhaa za jumla. Leo siongelei mzigo. Naongelea mpira wa Tanzania, na naomba mnivumilie kwa sababu nina hasira.

Nimeingia hapa mwaka 2010. Mwaka huohuo kampuni ya Evergrande, matajiri wa majumba, waliinunua timu ya mji huu. Kuanzia 2011 hadi 2017 ikabeba ubingwa wa China mara saba mfululizo, na wa nane ikauchukua 2019. Ubingwa wa Asia ikauchukua mara mbili, 2013 na 2015. Kocha alikuwa Marcello Lippi, yule aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006, baadaye akaja Scolari wa Brazil. Usiku wa fainali ya 2013 dhidi ya FC Seoul nilikuwa nje ya uwanja wa Tianhe, tiketi sikuimudu, nasikiliza kelele tu. Nikawaambia wenzangu: hivi ndivyo mpira unavyojengwa, atafutwe tajiri, mengine yatafuata.

Nilikosea. Tajiri mwenyewe alifilisika, na Januari 2025 timu ikanyimwa leseni kwa ajili ya madeni. Ikavunjwa. Mabingwa mara nane, leo hawapo! Na hawakuwa wa kwanza. Timu ya Jiangsu ilichukua ubingwa mwaka 2020, ilipofika Februari 2021 ikafunga shughuli. Hata kutetea kombe lake haikuwahi.

Sasa angalieni kilichofuata. Jimbo hilohilo la Jiangsu, mwaka 2025, likaandaa ligi ya miji yake 13. Wachezaji wengi hawakuwa wa kulipwa, bali wanafunzi na watu wenye kazi zao za kila siku. Mji dhidi ya mji, jirani dhidi ya jirani. Nanjing waliingia watu zaidi ya 60,000 kwa mechi moja! Taizhou wakawafunga Nantong kwa penalti, wakawa mabingwa. Kabla ya hapo, mwaka 2023, wilaya ya Rongjiang kule Guizhou ilianzisha ligi ya timu 20 za vijiji, nchi nzima ikageuza shingo kuangalia. Yaani fedha ilipoporomoka juu, mpira ulikutwa uko hai chini.

Kwa nini nawaeleza habari za Wachina? Kwa sababu sisi tunajenga ghorofa kuanzia kwenye paa, halafu tunapigiana makofi.

Tazameni historia yetu. Ligi ya taifa ilianza 1965. Wakati huo na miaka iliyofuata, ubingwa uliwahi kwenda Morogoro kwa Mseto mwaka 1975, ukaenda Mbeya kwa Tukuyu Stars mwaka 1986, ukaenda Tanga kwa Coastal Union mwaka 1988, na Mtibwa Sugar wakaubeba 1999 na 2000. Je, kuanzia 2001 hadi msimu wa 2024/25, ni timu gani nje ya Simba na Yanga iliyobeba kombe? Moja tu, Azam, msimu wa 2013/14, nayo ni ya Dar es Salaam. Robo karne nzima mikoa inapeleka wachezaji na viingilio mjini, yenyewe inabaki kushangilia kwenye luninga.

Mtasema Simba na Yanga wana fedha. Kweli. Lakini tatizo langu liko chini zaidi. Mwaka 2021 TFF ilibadilisha majina, Daraja la Kwanza likaitwa Championship na Daraja la Pili likaitwa First League. Majina mazuri. Lakini chini yake kumebaki na kitu kilekile: bingwa wa mkoa anapelekwa kwenye kituo, anacheza siku chache, akitolewa anarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Hiyo ni ligi au ni bonanza?

Nayajua haya kwa miguu yangu. Mwaka 2004 nilikuwa beki wa kushoto wa timu moja ya mtaa, jina lake nalihifadhi. Tulipata nafasi ya kwenda kituo mkoa mwingine. Wazazi walichanga nauli, mama mmoja akatoa gunia la mchele. Tulilala darasani, kwenye sakafu, tukacheza mechi tatu ndani ya siku tano. Ya tatu tulifungwa, na msimu wetu ukaishia hapo. Nilikuwa na wenzangu wawili ambao mpaka leo naapa walikuwa na viwango vya Ligi Kuu. Mmoja alirudi kulima nyanya, mwingine akawa kondakta wa daladala. Hakuna aliyewaona, kwa sababu hapakuwa na mechi ya kuwaonea!

Na mfumo mbovu huzaa uchafu. Mnakumbuka mwaka 2016? Daraja la Kwanza lilikuwa na makundi matatu ya timu nane nane, na kila kundi linapandisha timu moja. Siku ya mwisho Kundi C, Geita Gold wakashinda 8-0 na Polisi Tabora wakashinda 7-0. Timu zote nne za mechi hizo mbili zikaadhibiwa kwa kupanga matokeo, nafasi ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Tuliwalaani wachezaji na viongozi, na walistahili. Lakini ukiwapa watu kundi dogo, nafasi moja na hesabu ya mabao siku ya mwisho, unategemea malaika?

Jambo jingine ni hili la timu kuhama kama wapangaji. Novemba 2022, Ihefu ya Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga, iliifunga Yanga 2-1 ikiwa haijafungwa mechi 49 za ligi. Oktoba 2023 ikawafunga tena 2-1! Mbarali ikawa gumzo. Mwaka 2024 timu hiyo ikawa ya Singida, jina likageuka kuwa Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kupata timu. Lakini mtoto wa Mbarali aliyeiona Yanga ikifungwa kijijini kwake, leo anashabikia nini? Nafasi ya ligi hupatikana uwanjani kwa jasho la mji fulani. Haifai kuhamishwa kama fremu ya duka.

Sasa nisije nikaambiwa nalalamika tu. Mapendekezo yangu ni haya:

1. Ligi Kuu ibaki timu 16 na Championship ibaki timu 16. Tusiongeze. Tulishafika timu 20 msimu wa 2018/19, ikabidi turudi nyuma.

2. First League na mashindano ya vituo vifutwe, mahali pake ziwe ligi sita za kanda, kila moja timu 12, nyumbani na ugenini, msimu mzima. Mikoa 26 ya Bara igawanywe hivi: Ziwa (Mwanza, Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Shinyanga), Magharibi na Kati (Kigoma, Tabora, Katavi, Singida, Dodoma), Nyanda za Juu (Mbeya, Songwe, Rukwa, Iringa, Njombe), Kusini (Mtwara, Lindi, Ruvuma), Kaskazini (Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Tanga), Mashariki (Dar es Salaam, Pwani, Morogoro). Timu ya Mtwara isisafiri karibu kilometa 2,000 kwenda Bukoba kabla haijafika Championship.

3. Mabingwa sita wa kanda wapangiwe kwa kura mechi tatu za mtoano, nyumbani na ugenini. Washindi watatu wapande. Mabao 8-0 hayatamsaidia mtu.

4. Timu ikiuzwa, mmiliki mpya abaki mkoani. Akitaka mkoa mwingine, aanzie ligi ya kanda kama wengine.

Najua swali: hela zitoke wapi? Mwaka 2021 ulitangazwa mkataba wa matangazo na Azam wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kwa wastani ni bilioni 22.56 kwa mwaka. Tenga asilimia tano tu, unapata bilioni 1.128. Gawa kwa timu 72, kila moja inapata kama milioni 15.6. Safari za ugenini ni 11, kwa hiyo ni karibu milioni 1.4 kwa safari. Haitoshi kulala hotelini, lakini Coaster na wali maharage vinapatikana. Na vijana 72 mara 25, yaani 1,800, wanacheza mechi 22 kila mwaka badala ya tatu.

Klabu za Ligi Kuu zitapiga kelele kwamba mgao wao unapungua. Nawauliza: mchezaji wenu kijana mtamtoa wapi? Au ndiyo tutaendelea kupanga foleni uwanja wa ndege kupokea mgeni kila dirisha la usajili, huku tumepewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda? Tutajaza viwanja, sawa. Tutajaza na nani uwanjani?

Jumapili huwa tunacheza mpira hapa, Watanzania, Wakongo na Wanigeria. Juzi kijana mmoja wa Kigoma, anafanya kazi ghalani, alimpiga mtu chenga mpaka tukasimamisha mechi kucheka. Nikamuuliza, wewe nyumbani ulichezea wapi? Akasema, "Kaka, mashindano ya mkoa. Tulicheza wiki mbili tu."

Wiki mbili! Ndiyo maana nimeandika.

Mwenye hoja bora aje nayo, matusi tuyaache. Naomba kuwasilisha.